Tunduma: Mji Uliosimama juu ya Mpaka

Waandishi wetu wa historia ya miji wamezoea kuanza habari zao baharini, na hilo si ajabu. Kilwa, Bagamoyo, Tanga na Dar es Salaam ni miji iliyozaliwa na maji: kwanza forodha, nyuma yake mitaa ya maduka, kisha nyumba za wenyeji, na mahali fulani baina ya hivyo pakaachwa uwanja wa watu kupunga upepo. Mwanafunzi aliyesoma habari za mji mmoja wa pwani aweza kuutambua wa pili kabla hajaufikia. Lakini mazoea hayo hutufumba macho tunaposafiri bara, tukadhani kwamba mji usio na bahari hauna forodha, hauna kitovu, wala hauna historia ya kuandikwa. Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, ni ushahidi wa kinyume chake. Umekaa mbali na bahari, karibu kilomita 930 kutoka Dar es Salaam, na bado ni bandari kamili. Ila ufuko wake ni mstari uliochorwa na wageni juu ya karatasi.

Mstari huo una tarehe yake. Tarehe 1 Julai, 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa kugawana nchi zisizokuwa zao. Wadachi walipewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, na Waingereza wakatambuliwa kuwa walinzi wa Unguja na Pemba. Hayo hukaririwa madarasani kila mwaka. Kifungu kinachoihusu Tunduma hakikaririwi. Baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika palikuwa na njia iliyoitwa Barabara ya Stevenson, iliyoanza kukatwa mwaka 1881 kwa fedha za tajiri wa Kiskoti, James Stevenson, ili bidhaa zilizoletwa kwa vyombo hadi Karonga zipelekwe kwa nchi kavu hadi ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Waingereza hawakukubali njia hiyo iwatoke. Kwa hiyo mpaka ulipandishwa na Mto Songwe, kisha ukageuzwa kuelekea Mto Kalambo, na barabara ikabaki upande wao. Basi Tunduma iko huku na Nakonde iko kule kwa sababu ya barabara ambayo, tukisema kweli, haikupata kukamilika.

Mwaka 1898 wapimaji wa Kiingereza na wa Kidachi walikuja kuuonyesha mstari huo ardhini, wakasimamisha nguzo, na serikali zao zikaafikiana juu ya kazi hiyo mwaka 1901. Kwa sehemu kubwa waliufuata mgongo wa nchi unaogawa maji. Mvua inyeshayo kaskazini ya mgongo huo huteremkia Bonde la Rukwa, na ziwa lake halina mlango wa kutokea. Inyeshayo kusini huingia katika mito ya Chambeshi, ikapita Luapula na Kongo, ikaishia Bahari ya Atlantiki. Mwalimu wa jiografia hawezi kupata mfano bora kuliko huo. Wala asisahau kuwaeleza wanafunzi wake kwamba kuna Songwe mbili, moja imwagikayo Ziwa Nyasa na kuwa mpaka wetu na Malawi, nyingine imwagikayo Ziwa Rukwa, maana wengi huzichanganya.

Wapimaji waliuona mgongo wa maji. Watu hawakuuona, au waliuona wakaupuuza. Wanyamwanga walikuwa wakilima na kufuga pande zote mbili za nguzo hizo kabla hazijasimamishwa, na wapo pande zote mbili hadi leo, lugha moja, koo zilezile, misiba na harusi zilezile. Lugha yetu inalo neno la kutusaidia kufahamu jambo hili. Tunaposema mpaka twakusudia mahali pa kukoma. Lakini twasema pia twende mpaka Tunduma, na hapo neno hilohilo lataja mahali pa kufika. Wakoloni waliishika maana ya kwanza. Wakazi wa Tunduma wameishi kwa maana ya pili.

Hapana shaka mpaka huo ulipata kuwa na ukali wake. Ngome ya Kiingereza ya Fife, iliyokuwa upande wa pili, ilishambuliwa na Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck mwanzoni mwa Novemba 1918, alipokuwa akitoka katika nchi yetu kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Alishindwa kuiteka, akaipita, akaenda hadi Kasama, na habari ya kusimamishwa kwa vita huko Ulaya ikamfikia tarehe 13 Novemba katika Mto Chambeshi. Alisalimisha silaha Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, tarehe 25 Novemba, 1918. Vitabu vya wageni humsifu sana kwa werevu. Sisi twakumbuka zaidi wapagazi, waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili na kufa kwa njaa na maradhi kwa maelfu, na vijiji vya njia hiyo vilivyonyang'anywa nafaka kwanza na huyu, kisha na yule.

Karibu na Fife ilikuwapo misheni ya Mwenzo, iliyoanzishwa na Waskoti katika miaka ya 1890. Hapo ndipo wasomi wachache Waafrika, miongoni mwao Donald Siwale na David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda, walipounda chama cha ustawi ili kuisemesha serikali juu ya kodi na hali ya watu wao. Chama hicho kilikuwa kikifanya kazi mwaka 1923, na kinahesabiwa kuwa cha kwanza cha namna yake katika Rhodesia ya Kaskazini. Twakitaja kwa sababu moja: nchi hii ya mgongoni, iliyodhaniwa kuwa pembe ya mwisho ya makoloni mawili, haikuwa nyuma katika fikra.

Hata hivyo mji wenyewe tunaouona leo haukujengwa na Wadachi wala Waingereza. Ulijengwa na uhuru. Zambia ilipojitawala tarehe 24 Oktoba, 1964, karibu njia zake zote za kufikia bahari zilipitia mikononi mwa walowezi na Wareno. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Novemba, 1965, Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi katika Rhodesia ya Kusini, na Zambia ikajikuta imeshikwa koo. Mafuta yalilazimika kuletwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, kwa barabara ya udongo iliyogeuka tope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi, barabara iliyoua madereva wengi hata wakaipa jina la njia ya Jehanamu. Kila lori lililookoka lilipita Tunduma.

Kisha yakaja mambo matatu mfululizo. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilifika Ndola mwaka 1968. Barabara kuu ikawekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli, ambayo mataifa ya magharibi yalikataa kuigharimia kwa hoja kwamba haina faida, ikajengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Mkataba wake ulitiwa sahihi Beijing tarehe 5 Septemba, 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na mwaka 1973 mataruma yakavuka mpaka hapa Tunduma. Reli nzima, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa Julai 1976. Mwaka huohuo wa 1973 mpaka wa Zambia na Rhodesia ulifungwa, na mlango wa Tunduma ukawa mlango wa uhai wa taifa zima. Reli ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, kiasi ambacho haikupata kukifikia, na baadaye shehena yake ilipungua mno. Malori yakairithi kazi hiyo. Lakini kijiji kilikuwa kimekwisha kuwa mji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wasiofika 98,000. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 219,000. Mkoa wa Songwe ulipotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, makao makuu yaliwekwa Vwawa, ila mji mkubwa ulikuwa, na ungali, Tunduma.

Sasa tuutazame mji wenyewe. Katika mji wa pwani, ukitaka kujua kitovu chake, fuata harufu ya maji. Tunduma, fuata malori. Barabara itokayo Mbeya huingia kwa kupanda na kushuka vilima, ikaachana na ile ya Sumbawanga, iliyowekwa lami katika miaka ya 2010, kisha ikafika kwenye geti. Pande zake ndizo katikati ya mji: nyumba za wageni, maduka ya vipuri, mawakala wa forodha, mama lishe, madereva na matingo wanaongoja zamu, wabadilisha fedha wenye shilingi mkono mmoja na kwacha mkono wa pili. Bei hutajwa kwa fedha yoyote kati ya hizo, na mtoto wa darasa la tatu aweza kukupigia hesabu ya kubadili kichwani. Kiswahili, Kinyamwanga, Kinyiha na Kibemba husikika katika mazungumzo ya meza moja. Tarehe 5 Oktoba, 2019, Marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha huduma kwa pamoja, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Foleni za malori hazijatoweka, lakini maana ya kituo hicho ni kubwa: maofisa wa nchi mbili wameketi chini ya paa moja, juu ya mstari uliochorwa ili kuwatenga.

Jambo la kuangaliwa sana ni ule ukanda wa ardhi ulio kandokando ya mawe ya mpaka. Kwa kanuni za mataifa ukanda huo wapasa kuwa mtupu, usijengwe wala kulimwa, ili mstari uonekane. Hapa haukubaki mtupu. Vibanda na nyumba vimeusogelea hadi mgeni asijue ni wapi aliiacha nchi moja na kuingia nyingine, na serikali mbili zimekuwa na kazi ya kuwakumbusha wananchi wazisalimishe sehemu hizo. Serikali zina haki yao. Jiwe lililofichwa na ukuta wa duka huzaa ugomvi kesho. Lakini wananchi nao wana sababu yao, kwani pale ndipo wanapokutania.

Twapenda kulinganisha na Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Uwanja ule haukuachwa wazi kwa mapenzi ya bustani. Baada ya Vita vya Kwanza Waingereza waliutenga uwe ukanda mtupu baina ya mtaa wa biashara na mitaa ya Waafrika ya Kariakoo na Ilala, wakitoa kisingizio cha afya. Katika miaka ya 1950 ukanda huohuo ulijaa umati wa mikutano ya TANU, na leo ni bustani yenye mnara wa Mwenge wa Uhuru. Uwanja uliowekwa ili watu wasikaribiane ukawa ndio mahali walipokaribiana. Tunduma imefanya jambo la jinsi hiyo, ila imelifanya kwa biashara badala ya mikutano, na juu ya ardhi ya serikali mbili. Ndiyo maana ukanda wake hauwezi kugeuzwa bustani kwa amri ya halmashauri moja.

Matokeo yake ni kwamba mji huu, wenye watu zaidi ya laki mbili, una sehemu chache mno ambapo mzee aweza kuketi bila kununua kitu. Watoto huchezea viwanja vya shule. Kila pembe karibu na geti ina thamani ya duka, na anayepima viwanja vipya huko Mpemba na kwingineko pembezoni yampasa aamue sasa, kabla ya vibanda kuamua kwa niaba yake. Hilo tungependa walimu wa Tunduma walifanye kuwa somo la darasani: wanafunzi wachore ramani ya mitaa yao, waonyeshe mawe ya mpaka yalipo, waulize wazee uwanja ulikuwa wapi mwaka 1973 reli ilipovuka.

Bustani ya mkoa mzima ipo, nayo haikupandwa na mtu. Katika Wilaya ya Mbozi, ukiacha barabara kuu kabla ya kufika Vwawa utokapo Mbeya, kuna Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, chuma karibu asilimia 90 na sehemu iliyobaki ni nikeli zaidi. Wageni huandika kwamba kilivumbuliwa mwaka 1930. Wenyeji walikijua zamani, nao walikaa kimya. Tangu mwaka 1967 kinalindwa kwa sheria ya mambo ya kale. Udongo wa chini yake ulichimbwa ili umbo lake lote lionekane, kikawekewa msingi, na majani yakaachwa yaote kukizunguka. Hapo wanafunzi wa Tunduma huweza kufika asubuhi na kurudi jioni, wakala chakula chao chini ya miti, mbali na honi za malori.