Mikoko ya Kipevu: Kutoka Boriti hadi Kanvasi

Kipevu ni upande wa Changamwe, Mombasa, unaotazamana na bandari ya Kilindini, pale hori ya Makupa na ile ya Port Reitz zinapokaribiana. Siku hizi hujulikana kwa gati la mafuta, mitambo ya umeme na gati la makontena. Kabla ya hayo yote pwani hii ilikuwa ya mikoko, na kwa karne nyingi mikoko ilikatwa kabla ya mtu kufikiria kuichora.

Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331, alieleza kwamba misikiti ya mji huo ilijengwa kwa miti. Baadaye nyumba za mawe nazo ziliutegemea mkoko, kwani dari zake zilibebwa na boriti. Upana wa chumba haukuweza kupita urefu wa boriti, na hiyo ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ni virefu na vyembamba. Wakataji waliipanga miti kwa unene: fito, pau, boriti, nguzo. Majahazi yalingoja kusi, yakaipeleka Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Biashara hiyo ya nje ilipigwa marufuku na serikali ya Kenya mwaka 1982.

Mkandaa, aina mojawapo ya mikoko, ulikuwa na kazi nyingine. Magome yake yakichemshwa hutoa maji ya rangi ya hudhurungi iliyoiva kuelekea wekundu. Wavuvi walitia nyavu humo ili zisioze upesi, na watengeneza ngozi waliyatumia magome hayo hayo. Kwa hiyo pwani hii ilichota rangi mtini zamani sana. Sanaa yake yenyewe ilikaa zaidi kwenye nakshi za milango, zenye maua, majani na mizabibu. Picha za ukutani zilizobaki katika ngome ya Fort Jesus zilichorwa na mabaharia wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu, na meli ni nyingi humo.

Mandhari yenye miti iliingia katika uchoraji wa kisasa wa Afrika Mashariki karne ya 20. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere, alichora migomba na mashamba ya Wachaga, na mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York likanunua picha yake moja. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya vibao vya hadibodi. Wakati huo rangi za akriliki zinazochanganywa na maji zilikuwa bado changa: chapa ya Liquitex ilitolewa Marekani mwaka 1955.

Akriliki inaufaa mkoko kuliko rangi ya mafuta. Hukauka kwa dakika, na ikishakauka hailainishwi tena na maji, hivyo mchoraji anaweza kulaza matabaka mepesi moja juu ya jingine bila kuyavuruga. Mizizi ya mkoko inadai kazi ya namna hiyo. Hutoka juu shinani, ikapinda kama matao na kushuka topeni, mmoja ukipita mbele ya mwingine, huku chini kukiwa na alama ya maji na chaza walioganda. Mchu, aina nyingine ya mikoko, hauna matao: mizizi yake huchomoza kutoka topeni wima, myembamba, mamia kwa mamia. Mlilana, nao wa jamii hiyo, hutoa mizizi minene iliyochongoka. Atakayeichora yote kwa umbo moja atakuwa hajaitazama. Aangalie pia kwamba akriliki ikikauka hukolea kidogo, ilhali tope likikauka hupauka. Rangi ya tope bichi ichanganywe ikiwa nyepesi kuliko inavyoonekana.

Bandari imeipunguza mikoko hii vibaya. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika hori ya Makupa yakaua miti mingi, na mwaka 2005 mafuta ya meli Ratna Shalini yakaingia katika mikoko ya Port Reitz. Hasara hiyo ni kubwa, na picha hairudishi mti uliokufa. Hata hivyo vichaka vikubwa vimebaki ndani zaidi, kuelekea Tsunza na Mwache. Anayetaka kuichora mizizi yote aende siku za bamvua, maji yakiwa yametoka kabisa.