Thamani Tajwa

Katika kopo la mafuta ya kupikia ambalo bibi yangu amelificha miaka yote chini ya kitanda, hapa Bomani mjini Tarime, zimo shilingi mbili za Afrika Mashariki ya enzi ya mkoloni. Ukiziweka kiganjani hutazitofautisha upesi. Simba ni yule yule, nyuma yake milima ile ile, na zote zimeandikwa kuwa ni shilingi moja. Inabidi uzisogeze dirishani ndipo usome mwaka: 1942 na 1949. Kumbe hadi mwaka 1946 robo ya shilingi hiyo ilikuwa madini ya fedha, karibu gramu mbili, na kuanzia ile ya mwaka 1948 ikawa shaba na nikeli tupu. Dukani zilinunua sukari sawasawa. Kwa mkusanyaji wa leo ni vitu viwili tofauti.

Kile kilicho sawa kwenye shilingi hizo mbili, yaani bei iliyochongwa juu yake, Waingereza hukiita kwa mfano wa uso. Ndiyo maana nimewahi kukutana na tafsiri ya “thamani ya uso”. Siipendi. Uso wa Kiswahili ni makao ya haya: mtu hukunja uso, hukosa uso wa kutazama watu, huuficha akiaibika. Haubebi bei. Isitoshe, sarafu ina pande mbili, na msomaji ana haki ya kuuliza ni uso upi. Mimi naandika “thamani tajwa”. Neno hilo hatulikopi mbali. Kila aliyewahi kupeleka barua ofisini ameandika “somo tajwa hapo juu”. Tena lina faida ambayo uso hauna. Kitu kikitajwa, yupo aliyekitaja, na aliyetaja anaweza kutengua.

Watu wa mpakani tuliliona hilo mwaka 2019. Juni 1, Kenya ilitangaza kwamba noti zake za zamani za shilingi 1,000 zingekoma kuwa fedha ifikapo mwisho wa Septemba. Pale Sirari, mpakani, shilingi za nchi mbili hupishana mikononi kutwa nzima, na si wachache wanaoweka akiba ya Kenya ndani ya nyumba za Tanzania. Benki Kuu ya Tanzania nayo ikasitisha kubadilisha fedha za Kenya, hivyo mwenye noti ikambidi ajue namna ya kuzivusha. Muda ulipokwisha, noti zaidi ya milioni 7 hazikuwa zimerudi. Hazikuchanika wala kufifia. Karatasi ilikuwa ile ile ya jana. Kilichotenguliwa ni tamko.

Kwetu zamu ilifika mwaka 2025. Kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, Benki Kuu ilipokea noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, kuanzia ya shilingi 20 hadi ya 10,000, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010, ambayo sarafu yenye nyati ilikuwa imeanza kuchukua nafasi yake tangu 2014. Baada ya tarehe hiyo thamani tajwa ya noti hizo ikafa. Bibi alikuwa na noti ya 500 koponi. Hakuipeleka, na sikumshawishi.

Lugha yetu ilishajua kwamba pesa ina asili mbili. Fedha, kwa Kiarabu ilikotoka, ni madini yale meupe, na sisi bado tunasema pete ya fedha na medali ya fedha. Neno moja likabeba madini na hesabu, kwa kuwa zamani vilikuwa kitu kimoja. Sarafu asili yake ni kubadilisha. Noti ilikuja baadaye, na haikuja na madini yoyote. Lakini dhahabu ya machimboni Nyamongo huwekwa kwenye mizani na hakuna anayeuliza imeandikwa nini.

Kwa hiyo anayetaka kuweka akiba katika pesa za zamani apime vitu vitatu: thamani tajwa, thamani ya madini, na thamani ya uadimu. Mfano ninaoupenda ni wa Tabora, mwaka 1916. Wajerumani, wakiwa wamezingirwa vitani, walipiga katika karakana ya reli sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Miaka hiyo hiyo walichapa noti za dharura kwa wingi, kwenye karatasi yoyote iliyopatikana. Serikali iliyozitaja noti hizo ilishindwa vita, na rupia yenyewe ikazikwa. Tembo alibaki na dhahabu yake tumboni. Vivyo hivyo sarafu ya mwaka 1974 yenye duma, iliyotolewa kwa ajili ya hifadhi ya wanyamapori: thamani tajwa ni shilingi 1,500, ambayo leo ni nauli fupi ya bodaboda, ilhali ndani yake mna takriban gramu 30 za dhahabu.

Lakini mtu asije akajaza gunia shilingi za mwenge za mwaka 1966. Ni shaba na nikeli, na zilipigwa nyingi mno. Noti nayo, ambayo haina madini ya kuishika isianguke, ina uadimu wa aina yake kwa sababu huliwa na mchwa, jasho na moto. Noti za rupia za Zanzibar, zilizoanza kutolewa mwaka 1908 na kuondolewa mwaka 1936, hutafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima, kwa kuwa zilizosalia ni chache sana. Kwa mwenye mtaji mdogo ningeshauri aanze na sarafu zenye fedha halisi. Noti anunue tu iliyonyooka, isiyokunjwa, na aihifadhi mahali pakavu.

Niliporudi kwa bibi mwezi uliopita, nilikuta ameniandalia zile shilingi mbili juu ya kitambaa, zinang'aa kama kijiko kipya.

“Nimezisugua kwa majivu na ndimu, mjukuu wangu, usione haya kuwaonyesha watu.”

Nikamshukuru. Nikaisogeza ile ya 1942 dirishani. Simba alikuwa na mikwaruzo mbavuni, na manyoya ya shingo, yaliyokuwa yakionekana uzi kwa uzi, yamekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Bado imeandikwa shilingi moja, na fedha yake ya gramu mbili imo yote.