Duara Lisilo na Rangi: Wanga, Bakteria na Muhogo wa Ziwa Nyasa

Maabara ya bakteria ilianzia jikoni. Miaka ya mwanzo ya 1880, daktari wa Kijerumani Robert Koch alikuwa akikata kiazi kilichochemshwa kwa kisu kisafi, anapaka juu yake kile alichotaka kukichunguza, halafu anasubiri. Baada ya siku mbili tatu vidoa vya rangi mbalimbali vinajitokeza, kila kidoa ukoo wake. Shida ni kwamba bakteria wengi hawakubali kuota kwenye kiazi. Akajaribu jelatini. Nayo ikawa inayeyuka kwenye joto, na wapo bakteria walioila hadi ikageuka maji.

Jawabu lililetwa na Fanny Hesse, mke wa Walther Hesse, mtafiti aliyefanya kazi kwenye maabara ya Koch. Fanny alizaliwa New York, na huko alijifunza kwa jirani aliyewahi kuishi Java kugandisha vyakula kwa aga, kitu kinachotokana na mwani. Aga ikishaganda haiyeyuki hadi ikaribie kuchemka, na bakteria wachache sana wanaweza kuila. Koch aliitaja aga katika andiko lake la mwaka 1882. Jina la Fanny hakulitaja. Mwaka 1887 Richard Petri akaongeza kisahani chenye kifuniko, na mpaka leo kisahani kinaitwa kwa jina lake.

Sasa, uzuri wa aga ni kwamba unaweza kuichanganya na chakula chochote unachotaka kumuulizia bakteria. Unataka kujua nani anakula wanga? Changanya wanga, mwaga kwenye kisahani, iache igande. Chora mstari wa bakteria juu yake, weka mahali penye joto siku moja au mbili, kisha mwagia ayodini. Tangu mwaka 1814 wanakemia wanajua kwamba ayodini ikikutana na wanga inageuka buluu nzito inayokaribia weusi. Kisahani chote kinakuwa cheusi. Lakini bakteria anayemeng'enya wanga anazungukwa na duara lisilo na rangi: pale wanga umekwisha. Kimeng'enya chake kimetoka nje ya mwili wake na kukata wanga kuwa sukari.

Kimeng'enya cha kwanza cha aina hii kutambuliwa na wanasayansi kilitoka kwenye kimea cha shayiri. Wafaransa Payen na Persoz walikitenga mwaka 1833. Msomaji uliyekulia kwenye nyumba inayopika togwa huhitaji kuelezwa zaidi. Uji mzito unapoa kidogo, unatiwa unga wa kimea, na muda si mrefu unalegea na kuwa mtamu. Mpishi haoni kimeng'enya, ila anajua muda wake.

Mimi historia hii ilinishika kwa sababu ya muhogo. Ukitoka Mbinga mjini, kwenye milima ya Wamatengo yenye kahawa, mahindi na mashimo ya ngoro, ukateremka hadi Mbamba Bay, unaingia nchi nyingine kabisa: ziwa, usipa unaoanikwa, na muhogo. Leo ufukwe huo ni Wilaya ya Nyasa. Kabla ya 2012 wote ulikuwa Mbinga.

Muhogo mchungu una sumu inayozaa sayanidi. Kuuloweka siku kadhaa ni kuwaita bakteria kazini: wanalainisha muhogo, seli zinapasuka, sumu inapata njia ya kutoka. Kivunde, chakula cha muhogo uliovundikwa, kimechunguzwa na watafiti wa Tanzania. Mwaka 2000 walichapisha kwamba ukiongeza bakteria wa Lactobacillus plantarum waliochaguliwa, kazi inakwenda vizuri zaidi. Na kutoka kwenye muhogo wa kulowekwa wa Kongo, watafiti walieleza mwaka 1991 aina ya bakteria huyo huyo anayeweza kumeng'enya wanga mwenyewe. Yaani yule wa duara.

Hapa ndipo inabidi tuwe makini. Duara linakwambia nani anakula wanga. Halikwambii sumu imebaki kiasi gani. Wanga unaweza kumeng'enywa vizuri tu na unga bado ukadhuru.

Na madhara yenyewe si ya kufikirika. Konzo ni ugonjwa unaopooza miguu ghafla, na haurudi nyuma. Jina limetoka kwa Wayaka wa Kongo, na daktari Trolli aliueleza mwaka 1938. Unawapata zaidi watoto na wanawake, pale muhogo mchungu unapoliwa kila siku bila kuandaliwa vya kutosha na chakula chenye protini ni haba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliripotiwa kusini mwa Tanzania, Mtwara na Wilaya ya Mbinga. Mara nyingi kinachotangulia ni ukame au njaa. Watu wanajua kuloweka, ila tumbo haliwezi kungoja siku nne.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema wanakijiji "waelimishwe", huwa najiuliza waelimishwe nini. Maarifa ya kuloweka wanayo. Kinachopungua ni muda, na pengine maji. Ndiyo maana ninaiheshimu njia aliyoibuni Howard Bradbury wa Australia, iliyofundishwa pia huku kusini. Unga wa muhogo unaloweshwa kwa maji, unatandazwa tabaka jembamba, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inatoka kama hewa, na unga unapikwa ugali siku hiyo hiyo. Haihitaji kisahani wala ayodini. Inahitaji ungo, maji, na mtu wa kufukuza kuku.