Pakua, Simika, Kanzi: Maneno ya Pwani katika Hifadhidata Huria

Katika makala haya tunakusudia kufuatilia historia ya maneno machache ambayo mgeni wa kompyuta hukutana nayo siku ya kwanza anapotaka kuweka programu ya hifadhidata katika mashine yake: pakua, kivinjari, sakinisha, simika, kanzidata. Tumeichagua pwani ya Kilwa na Lindi iwe shahidi wetu, kwa sababu maneno hayo, au mashina yake, yalikuwa na kazi huko pwani kabla kompyuta haijabuniwa. Tena tunaamini kwamba ugumu wa kuziweka programu hizi si wa mafundi peke yao. Sehemu yake ni ya wafasiri.

Hapana budi tueleze kwanza ugumu wenyewe. Mradi wa Postgres ulianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwaka 1996 ukapewa jina la PostgreSQL. MySQL ilianza mwaka 1995. Zote mbili ni programu huria, yaani kila mtu ana ruhusa ya kuzichukua, kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa. Lakini ruhusa si wepesi. Zamani, mara nyingi aliyeipata programu ya namna hii alipewa msimbo mtupu, akatakiwa aufanyize mwenyewe mpaka uwe programu inayoendeshwa. Ikikosekana maktaba moja tu ya msimbo, kazi ilisimama, na kioo kilijaa Kiingereza ambacho hata Mwingereza wa kawaida asingekielewa. Baadaye zikaja mbinu za kufunga vitu pamoja. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilitengeneza utaratibu wa vifurushi vinavyojitafutia vyenyewe vifurushi vingine vinavyohitajika. Mwaka 2002 ikatoka XAMPP, iliyokusanya seva ya tovuti, hifadhidata na lugha za kuandikia programu katika fungu moja, ili mwanafunzi asihangaike kuunganisha kimoja kimoja. Hatua zikapungua, ila maneno ya kila hatua yakabaki ya kigeni.

Kwa upande wetu, kazi ya kutajika ilifanyika mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice katika mradi wa Kilinux, wakishirikiana na wenzao wa Sweden. Hiyo ilikuwa programu huria ya ofisi iliyosema na mtumiaji kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata toleo la pili la OpenOffice likaleta Base, chombo cha hifadhidata kwa mtu wa ofisini asiye fundi. Hivyo mfasiri akalazimika kuyatafutia majina mambo ambayo karani wa kawaida hakuwahi kuyaita kwa jina lolote.

Tuanze na jina lililofanikiwa kuliko yote. Pakia na pakua ni maneno ya bandarini na ya jikoni. Jahazi hupakiwa mikoko na chumvi, kisha hupakuliwa. Wali nao hupakuliwa chunguni. Mtu wa Kilwa Kivinje akiambiwa apakue faili, anajua papo hapo kwamba kitu kinatoka mbali, kipo ndani ya chombo, nacho kinaletwa kwake. Hahitaji kufundishwa. Tena maneno hayo ni jozi, kwa kuwa kiambishi cha kutendua kilikwisha kufanya kazi yake zamani. Kivinjari kina asili ya aina hiyo hiyo. Kuvinjari kulikuwa kuzunguka baharini kwa chombo, kupeleleza na kulinda, na leo ni kuzunguka katika tovuti. Hatujui kama waliopendekeza maneno haya waliiwazia bahari. Bahari imo ndani yake hata hivyo.

Sakinisha ina habari nyingine. Shina lake ni sakini, kukaa mahali na kufanya makao. Ukilichunguza utaona kwamba limechaguliwa kwa akili, maana programu haiwekwi tu kama kikombe mezani. Inaomba ruhusa, inapewa nafasi, inakaa. Masimulizi ya Kilwa yanasema kwamba Ali bin al-Hasan alikipata kisiwa kwa kumpa mwenyeji wake nguo za kutosha kukizunguka, ndipo akasakini. Mgeni alipatana kwanza, akakaa baadaye. Taabu ni kwamba sakini limekuwa neno la vitabuni. Asiyelifahamu shina hawezi kukisia maana ya tawi, na mgeni wa kompyuta ndiye hasa asiye na muda wa kukisia.

Katika maandishi ya ofisi za serikali tunakutana na simika na usimikaji wa mifumo. Sisi tunaliunga mkono neno hili. Nguzo husimikwa, mlingoti husimikwa, na kiongozi husimikwa katika cheo chake. Katika matumizi yote hayo kitu kinainuliwa mahali pake ili kianze kufanya kazi, na hivyo ndivyo inavyotokea kwa hifadhidata. Seva yake isipoamka, jedwali zote ni bure.

Kuhusu jina la chombo chenyewe, wapo wanaosema kanzidata na wapo wanaosema hifadhidata. Kanzi ni hazina, na kwa asili yake ya Kiarabu ni mali iliyozikwa au kufichwa. Hapo ndipo tunaposita. Tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, tunaifahamu kwa nakala iliyonakiliwa mwaka 1877, ambayo Sayyid Barghash alimpa John Kirk, nayo ikaishia London. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1895. Kabla ya hapo msomaji wa nje alitegemea muhtasari uliomo katika kitabu cha João de Barros, kilichotoka mwaka 1552 kwa Kireno. Hiyo ilikuwa kanzi kweli kweli: taarifa za mji zilizokuwa karibu kupotea kwa sababu nakala ilikuwa moja. Programu huria imekusudiwa kinyume cha hayo, inakiliwe na kila anayeihitaji. Kuhifadhi si kuficha, kwa hiyo tunachagua hifadhidata, ingawa tunakiri kwamba kanzidata linapendeza zaidi masikioni.

Jambo hili lina uzito katika kazi za umma. Taarifa za zahanati zetu, Kilwa na Lindi zikiwamo, ziliwekwa chini ya MTUHA katika miaka ya 1990, zikiandikwa katika vitabu vya karatasi. Kisha ikaja DHIS2, programu huria iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo kwa kawaida huhifadhi taarifa zake katika PostgreSQL. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania ikafikia hatua hiyo mwaka 2013. Faida kubwa ya mpango huu ni kwamba mfumo husimikwa mara moja katika seva kuu. Karani wa wilaya hufungua kivinjari tu, akaingiza neno lake la siri. Zamani kila kompyuta ya wilaya ingetaka fundi wake, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, masika yalipofika fundi wa Dar es Salaam angekwama Rufiji.

Lakini anayesimika seva hiyo naye alikuwa mgeni siku moja, na mwongozo anaousoma yafaa utafsiriwe. Atakayeutafsiri atakutana na swali ambalo bado halijatulia: kitendo cha kuiondoa programu kiitweje? Katika vioo vya simu tumeona sanidua, na pengine ondoa. Ikiwa simika itakubaliwa, mafundi wa majahazi wanalo neno tayari kwa mlingoti uliokwisha kazi. Wao husema kung'oa.