Diski za Grinda: Ya Kukata, ya Kusaga na Ile Itakupeleka Hosi

Pita Kamukunji, Gikomba ama Kariobangi Light Industries asubuhi yoyote na utaskia hiyo sauti. Grinda inalia, cheche zinaruka, fundi amefinya macho ju hana miwani. Cheki mashine yenyewe vizuri. Mara mingi haina kile kifuniko cha chuma kinachozunguka diski, chenye mafundi wanaita gadi. Kilitolewa kitambo ndio diski kubwa iingie.

Sasa labda wewe pia umenunua grinda. Unataka kuanza hustle ya mageti na grili, ama ni kukata tu tyubu za dirisha za hao yenu ushago. Poa sana. Lakini shika hii moja kabla ya zingine zote: grinda ni mota tu. Kazi inafanywa na diski, na diski ndiyo hupasuka. Karibu kila kitu unahitaji kujua kimeandikwa juu yake, shida ni watu hawasomi. Leo tunaisoma pamoja.

Tundu ni moja, na hapo ndio mtego uko

Grinda nyingi za mtaa ni za inchi 4½, yaani milimita 115. Kuna ya inchi 5 (milimita 125), ya inchi 7 (milimita 180) na ile jitu ya inchi 9 (milimita 230) ya kukata vyuma nzito.

Diski za hizi saizi zote nne kwa kawaida zina tundu moja katikati, milimita 22.23. Kwa hivyo diski ya inchi 9 inaingia kwa shafti ya grinda ya inchi 4½ bila stress. Kitu pekee inaizuia ni gadi. Msee anatoa gadi, anafunga diski kubwa, anafurahi ati sasa anakata mbali bila kununua mashine kubwa.

Hebu tupige hesabu. Diski nyingi za chuma zimetengenezwa zihimili mita 80 kwa sekunde pale ukingoni. Hiyo ni kilomita 288 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya spidi ya juu ya Madaraka Express. Ndio maana diski ikiwa kubwa inafaa izunguke polepole. Cheki mizunguko ya juu kwa dakika, ile imeandikwa RPM kwa lebo:

- Milimita 115: karibu 13,300
- Milimita 125: karibu 12,200
- Milimita 180: karibu 8,500
- Milimita 230: karibu 6,600

Grinda ndogo nyingi zinazunguka mara 11,000 kwa dakika. Kwa diski ya 115 hiyo ni sawa kabisa, bado kuna nafasi. Lakini weka hapo diski ya 230 na ukingo wake utakuwa unakimbia mita 132 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 475 kwa saa na zaidi, kwa diski iliyoambiwa isipite 288. Na nguvu ya kuirarua haipandi pole pole na spidi: spidi ikizidi mara 1.65, nguvu inazidi karibu mara 2.7. Ikipasuka, kipande kinatoka hapo kama risasi, na ile gadi ingekikinga uliiacha kwa sanduku ya spana.

Kwa hivyo sheria ya kwanza ni hii: namba ya RPM kwa diski lazima iwe sawa ama kubwa kuliko ile ya mashine. Ikiwa ndogo, rudisha kwa duka. Na kama lazima uondoe gadi ndio diski iingie, hiyo diski si ya hiyo grinda.

Kuna wale watakuambia, "Hii ni ya inchi 9 lakini imeliwa, saa hii imekuwa saizi ya ile ndogo." Zii. Diski kubwa iliyoliwa ilitengenezewa mashine ya spidi ya chini, na lebo yake bado inasema hivyo. Itupe. Na ile yenye meno ya kukata mbao? Usijaribu hata siku moja. Ikishika chuma ama mbao inaruka, na ikiruka inakuja kwako.

Ya kukata si ya kusaga

Hapa ndipo wengi huanguka. Diski ya kukata ni nyembamba: milimita 1, 1.6, 2.5 ama 3. Nguvu yake iko kwa ukingo peke yake. Ukiikata nayo tyubu alafu uilaze ubavu ulainishe weldi "kidogo tu", unaikunja, na haikutengenezwa ikunjwe. Inaweza pasuka hapo hapo, ama ipate ufa ule hauonekani ipasukie mtu mwingine kesho.

Diski ya kusaga ni nene, kama milimita 6, na katikati imebonyea. Hiyo kubonyea inafanya nati iingie ndani isigonge chuma ukilaza mashine. Ndiyo ya kutoa weldi imefura na kupiga pembe.

Ya tatu ni flapu, ile imepangwa vipande vya msasa kama majani ya kitabu. Inasaga na kulainisha kwa wakati mmoja, na haichimbi mashimo kama ile nene. Kama geti inaenda kupakwa rangi, malizia na hii. Namba ya msasa ikiwa ndogo ni mbaya zaidi: 40 inakula haraka, 60 na 80 ni za kazi ya kawaida, 120 ni ya kung'arisha.

Usichanganye kazi. Diski nyembamba ya inchi 4½ haifikii bei ya lunch kwa kibanda. Jicho halina speapati.

Chuma gani, diski gani

Kwa chuma ya kawaida ya mageti, diski yoyote poa ya chuma inatosha. Tyubu nyembamba na mabati, chukua ya milimita 1: inakata haraka, haichomi chuma sana na haipotezi umeme. Nondo na vyuma nzito, panda hadi 1.6 ama 2.5, ju ile nyembamba inaliwa haraka na inapinda kiurahisi.

Stenlesi inataka diski yake, imeandikwa Inox. Hizi hutengenezwa bila chuma, salfa wala klorini. Ukitumia diski ile ulikuwa unakatia nondo jana, unaacha chembe za chuma juu ya stenlesi, na baada ya wiki mteja anakupigia kelele ati reli ya ngazi yake inashika kutu. Si stenlesi mbaya, ni diski yako.

Aluminiamu ni laini. Inayeyuka kidogo na kuziba diski ya kawaida mpaka inaacha kukata na kuanza kusukuma joto. Tafuta ile imeandikwa ni ya aluminiamu. Na kwa mawe, taili na zege, diski za hapo ni zingine kabisa, usizilete kwa chuma.

Zile herufi unarukanga

Kwa lebo utaona kitu kama A 60 T BF. Si code ya siri.

- A ni aina ya mchanga unaokata, hapa ni oksidi ya aluminiamu, ya chuma. Ukiona C, ni silikoni kabaidi, ya mawe na zege. Z ni zirkonia, inakaa zaidi kwa kazi ngumu.
- 60 ni ukubwa wa punje. Namba ndogo, punje kubwa.
- T ni ugumu wa gundi. Inaenda kutoka A, laini, mpaka Z, ngumu.
- BF inamaanisha punje zimeshikwa na gundi ya rezini na kutiwa nyuzi ndani. Hizo nyuzi ndizo zinashikilia diski isivunjike ovyo.

Alafu angalia ile pete ya chuma kwa tundu. Kuna tarehe hapo, kama V07/2027. Hiyo ni expiry. Ndio, diski ina expiry kama maziwa. Ile gundi ya rezini inazeeka na inakunywa unyevu, kwa hivyo watengenezaji hutoa miaka 3 tangu itengenezwe. Diski imekaa kwa rafu ya hadwea karibu na dirisha miaka 5 si ofa, ni mtego. Hata mpya ikinyeshewa, achana nayo. Ziweke pahali pakavu, zimelala, si kwa sakafu ya simiti wala chini ya spana.

Ukiwa dukani cheki pia stika ya KEBS, na uhakiki ile namba yake kwa SMS 20023. Kama diski haina RPM, haina tarehe na haina jina la aliyeitengeneza, bei isikudanganye.

Kufunga diski

1. Chomoa waya kwa soketi. Si kuzima tu, chomoa.
2. Angalia diski pande zote. Ufa, kipande kimetoka ukingoni, imepinda? Tupa.
3. Angalia nati ya juu. Kwa grinda nyingi ina upande umeinuka na upande uko flati. Diski nene, ule umeinuka unaangalia diski. Diski nyembamba, ugeuze, flati ndio ikae kwa diski.
4. Kaza na spana yake. Usigonge na nyundo, itajikaza ikianza kuzunguka.
5. Rudisha gadi na uigeuze ikae kati yako na diski.
6. Washa mashine mbali na watu, usisimame kwa laini ya diski, uiache ikimbie bila mzigo kama dakika moja. Ikitetemeka, zima utoe. Diski mbaya mara nyingi hujitangaza hapa.

Wakati wa kukata

Shika na mikono miwili, na ile handle ya pembeni iwe imefungwa. Funga chuma kwa vaisi ama klampu. Mguu wako si vaisi. Ingia ukiwa wima, uvute laini moja moja kwa moja, usizungushe. Acha mashine ifanye kazi. Ukihisi lazima ukandamize, diski si ya hiyo chuma ama imeisha.

Kitu hufanya grinda iruke ni chuma kufunga diski katikati. Unakata tyubu ndefu imeshikwa miisho miwili, katikati inashuka, mpasuo unajifunga, diski inashikwa na mashine inarudi usoni. Dawa ni kupanga chuma ndio kile kipande kinatoka kianguke chini na mpasuo ufunguke. Diski ikishikwa, usiitingishe. Zima, ngoja isimame, ndio utoe.

Kwa kusaga, inamisha diski nene nyuzi 15 hadi 30. Flapu inataka chini ya hapo, karibu ilale. Na ukizima, ngoja isimame kabisa kabla ya kuiweka chini.

Wewe mwenyewe

Miwani ya kawaida ya jua si kinga. Chukua miwani ya usalama iliyofunga pande, na juu yake ngao ya uso. Masikio pia, ju ile kelele inakula usikivu pole pole na haurudi. Glavu za ngozi, viatu vimefunga, aproni. Hakuna skafu, hakuna mikono ya hoodie inaning'inia, na dredi zifungwe nyuma. Mabati yamepakwa zinki na vyuma vya rangi ya zamani vinatoa vumbi na moshi mbaya, kwa hivyo maski na hewa safi.

Cheche zinafika mita kadhaa. Toa thina, petroli, magodoro na karatasi. Na usikate drum iliyobeba mafuta, hata kama imekaa tupu mwaka. Mvuke wa ndani unangoja cheche moja tu.

Kama umeandikwa kazi, jua pia sheria iko upande wako. Occupational Safety and Health Act ya 2007 inamtaka mwajiri akupatie vifaa vya kujikinga, na Work Injury Benefits Act ya mwaka huo huo inahusu fidia ukiumia kazini. Kuitisha miwani si kujifanya sonko.

Kesho ukiingia kazini, anza na kitu moja. Chukua grinda, soma RPM yake. Soma RPM ya diski iko juu yake. Zikikataa kupatana, ama gadi haiko, usiwashe. Fundi mzee atakucheka, sawa. Mwambie akuonyeshe vidole vyake vyote kumi kwanza.