Ukoo wa Marealle

Ukoo wa Marealle ni ukoo wa kimangi, yaani wa machifu, wa Marangu, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Kilimanjaro. Unafahamika zaidi kuanzia kwa Mangi Marealle wa Kwanza, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alianzia Marangu safari yake ya kufika kilele cha Kibo, kwa ridhaa ya mangi huyo. Marealle alijenga urafiki na Wajerumani, na urafiki huo uliipandisha Marangu juu ya milki jirani. Alifariki mwaka 1916.

Mwanawe, Petro Itosi, alitawala Marangu na mwaka 1946 akawa Mangi Mwitori (chifu wa tarafa) wa Vunjo. Aliandika pia *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*, kitabu chenye thamani kubwa kwa anayetafuta mila za Wachagga.

Mwana mwingine wa Marealle wa Kwanza, Mlang'a, alimzaa Thomas (1915–2007), aliyesoma hadi Uingereza. Wachagga walimchagua kuwa Mangi Mkuu, akasimikwa mwaka 1952. Aliwapa bendera na Siku ya Wachagga, akalihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwaka 1957. Lakini katika kura ya maoni ya 1960 Wachagga walitaka rais wao wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu. Solomon Eliufoo akashika nafasi hiyo ya urais wa Wachagga. Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu nchini kote.