Alichonga au Alichongesha?

Juu ya mlango wa magharibi wa kanisa kuu la Mtakatifu Lazaro, mjini Autun, Ufaransa, imechongwa Hukumu ya Mwisho, kazi ya karne ya 12. Chini ya miguu ya Kristo yamo maneno ya Kilatini: Gislebertus hoc fecit. Mwaka 1766 mapadri waliiona sanaa hiyo haifai, wakaifunika kwa lipu. Lipu hiyohiyo ikaisetiri wakati wa Mapinduzi, hadi ilipobanduliwa mwaka 1837.

Wengi walifasiri fecit kuwa “alichonga”. Mwaka 1999 Linda Seidel alikana kwamba Gislebertus alikuwa fundi. Na kweli, Kilatini cha zama zile kilisema fecit hata kwa mfadhili. “Alichonga” humtukuza fundi, “alichongesha” humfuta. Twapendekeza: “Kazi hii ni ya Gislebertus.”